Misingi Ishirini na Tisa ya Kuchele

Kitendawili! Sema "tega" basi, usione haya. Nyumba yangu ina misingi ishirini na tisa, haina ukuta hata mmoja. Umeshindwa? Nipe mji. Mji wowote napokea, ila mji mkuu wa nchi ninayotaka kukusimulia usinipe, ule una wenyewe.

Jibu ni Shule ya Msingi Kuchele.

Nchi yenyewe ilikuwa na jina zuri tu, likachukuliwa na wizara kwenda kufanyiwa ukarabati, halijarudi mpaka leo. Wananchi wakazoea kuiita "hapa". Ukimuuliza mtu ametoka wapi anakujibu, "Mimi ni wa hapa," na mnaelewana vizuri. Basi hapo hapa palikuwa na familia moja yenye huruma isiyokwenda likizo, familia ya Mheshimiwa Fumbwe, na familia hiyo ilikuwa na mfuko. Usifikirie mfuko wa suruali. Huu ulikuwa Mfuko wa Familia ya Fumbwe wa Kuinua Elimu na Jamii, na jamii ilikuwa imetiwa humo yote.

Historia rasmi inasema Mfuko ulianza siku Mheshimiwa alipomwona mtoto anasoma amekaa chini, akadondosha chozi. Chozi lenyewe liko makumbusho, mji mkuu, ndani ya kichupa. Kila mwaka huongezwa kidogo, maana hukauka.

Bi Somoe wa Kuchele hakuliona chozi hilo, na siku hiyo alikuwepo. Alichokiona yeye ni mwiko wake ukiondoka.

*

Ilikuwa hivi. Barua ilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Chumu: "Mheshimiwa atakuja kuweka jiwe la msingi. Andaeni jiwe na mwiko. Saruji anakuja nayo." Jiwe likapatikana. Mwiko, Bwana Chumu akaenda kuutafuta pale alipojua yeye mwiko unakaa, yaani jikoni. Alikuwa mshona viatu, mambo ya waashi hakuyajua. Akamkuta Bi Somoe amebana sufuria kwa miguu, anasonga ugali wa wageni.

"Bi Somoe, lete mwiko! Mheshimiwa ameshakunja mikono ya shati!"

"Chumu, ugali haujaiva."

"Ugali utangoja. Taifa halingoji."

Mwiko ukaondoka na ugali wake umeganda nchani. Ulikuwa wa mninga, marehemu mumewe aliuchonga mwaka waliooana, na mpini wake ulikuwa na alama nyeusi ya kuungua, pale Bi Somoe alipousahau motoni siku aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Mheshimiwa, ambaye maishani mwake hakuwahi kuona ukuta ukijengwa wala ugali ukisongwa, aliupokea kwa heshima zote, akachota saruji, akapaka jiwe. Wapiga picha wakapiga. Waashi wawili waliokuwepo wakatazamana, wakatazama chini, wakapiga makofi.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa akasema, ameuinua juu. "Mnauona mwiko huu? Kuanzia leo, kuendeleza shule yoyote ya Mfuko bila mwiko huu ni mwiko!"

Alikuwa anatania. Alipenda kucheza na maneno akishapigwa picha. Lakini karani wake alikuwa mtu asiyejua utani, akaandika kama alivyosikia, na Ijumaa ikatoka kwenye Gazeti la Serikali kuwa sheria.

Mwiko ukapelekwa mji mkuu, ukapakwa vanishi, ukafungiwa kwenye kabati la kioo jirani na chozi. Bi Somoe akamalizia ugali kwa kijiti. Ulikuwa na madonge. Wageni wakala hivyo hivyo. Akaambiwa apige makofi, akapiga.

*

Tangu hapo kila mwaka, tarehe ileile, Mwiko ulikuja Kuchele ndani ya gari lake wenyewe, umelazwa juu ya mto, na Mheshimiwa nyuma yake.

"Kuchele! Tunajenga shule gani?"

"Ya msingiii!"

"Basi leo tunaweka nini?"

"Msingiii!"

Na wanaweka msingi. Hakuna mwaka ambao mtu alijibu kwamba tunaweka ukuta, kwa sababu haikuwa shule ya ukuta. Mzazi mmoja, baba Zamoyoni, aliwahi kukanda udongo akainua kiambaza cha kufika magotini, kuwakinga watoto na upepo. Alichukuliwa kwenda Semina ya Shukrani. Aliporudi alikuwa mzima wa afya, ila anapiga makofi akiwa usingizini, na mkewe akahamia chumba cha pili.

Mawe nayo yalikua. Jiwe la kwanza lilikuwa kama mkate, kwa kuwa Mheshimiwa alikuwa Mheshimiwa tu. Baadaye akawa Daktari wa Heshima, akawa Mhandisi wa Heshima, Mlezi wa Walezi, Baba wa Yatima na wa Wasio Yatima, na vyeo vyote hivyo vilitaka nafasi. Jiwe la mwaka wa ishirini na tisa lilikuwa refu kama kitanda. Watoto wa Kuchele wakawa wanayakalia: darasa la kwanza mawe madogo, darasa la saba mawe makubwa. Mwalimu wao Ngwali alifundisha amesimama katikati, akiandika ubavuni mwa ndoo.

Bi Somoe ndiye aliyewekwa kuwa Mnufaika Mkuu. Kazi zake zilikuwa mbili: kupiga makofi mstari wa mbele, na kuosha Mwiko sherehe ikiisha, kama ratiba ilivyosema, "Kipengele cha kumi na moja: Mnufaika ataosha Mwiko." Kila mwaka aliubeba mpaka jikoni kwake, akausugua saruji, akaiona ile alama nyeusi mpinini ikimtazama chini ya vanishi, akaurudisha. Mwaka wa kwanza aliipapasa. Mwaka wa tano hakuipapasa. Mwaka wa kumi vidole vikaingia ganzi na haikutoka. Alikwenda zahanati, mganga akambonyeza kidole kimoja kimoja.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Sisikii, mwanangu."

"Ni ganzi ya shukrani, Bibi. Nchi nzima inayo. Haina dawa, ila haiumi."

Ni kweli haikuuma. Bi Somoe aliweza kuipua sufuria bila kitambaa.

*

Alikuwa anaishi na mjukuu wake, Siwema, msichana wa darasa la saba ambaye mama yake alikuwa mbali huko kwenye mashamba ya chai. Walitaniana kama mtu na bibi yake wanavyotaniana.

"We mke mwenzangu, umeshakula chakula cha mume wangu?"

"Mumeo alishaniachia mimi, wewe ulikuwa unamwunguzia."

Siwema alisoma kila kitu chenye herufi, hata mifuko ya saruji. Ukimuuliza anataka kuwa nani, hakusema rubani kama wenzake. Alisema, "Nataka kujenga kitu mpaka juu."

Mwaka huo wa thelathini, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, Mwalimu Ngwali alipita nyumba kwa nyumba na barua ya Ofisi ya Mitihani. Akaisoma bila kubadilisha sauti, kama mtu anayesoma lebo ya dawa: kuanzia sasa mtihani utafanyika tu ndani ya chumba chenye kuta nne, ili kuzuia majibu yasitoke nje. Mtahiniwa asiye na kuta nne atahesabika hakuzaliwa mwaka huo, na ataandikishwa kuwa Mnufaika wa Kudumu.

"Mnufaika wa Kudumu anafanya nini, Bibi?" Siwema akauliza, ingawa alijua.

"Anashika kibendera barabarani."

"Mpaka lini?"

Bi Somoe alitazama mikono yake mwenyewe, akaiweka chini ya kanga.

"Mwalimu," akasema, "Mwiko unautangulia mtihani, au unaufuata?"

"Siku moja kabla ya mtihani. Tunaweka msingi wa thelathini."

*

Siku chache baadaye akaja Katibu wa Historia wa Mfuko, Bwana Zaharani, kuandika kitabu cha miaka thelathini. Kitabu alikuja nacho kimeshachapwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

"Ahsante. Kitabu kiko tayari, nimekuja kukusanya yaliyotokea. Ukurasa wa hamsini na mbili unasema siku ya jiwe la kwanza ulilia kwa furaha. Ulilia?"

"Sikulia."

"Jitahidi kukumbuka."

"Nilikuwa nasonga ugali."

"Moshi ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Basi na machozi yalikuwepo." Akatia vema. "Kabla ya Mfuko ulikuwa wapi? Gizani, au gizani kabisa?"

"Jikoni."

"Jikoni kuna giza?"

"Kiasi."

"Gizani kiasi," akaandika, na uso ukamkunjamana, maana nafasi yake haikuwepo.

Bi Somoe alitaka kumwomba ukuta. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Lakini kabla hajafungua mdomo, Katibu aligeuka kuelekea shuleni, akamwona Siwema amekaa anaandika. Kalamu ikamwanguka.

"Yule mtoto amekalia nini?"

"Jiwe, mwanangu."

"Jina la Mheshimiwa liko wapi?"

"Amelikalia."

Katibu akashika kifua. Akayahesabu mawe ishirini na tisa, na juu ya kila moja mtoto mmoja, wawili, watatu, wamestarehe. "Tangu lini?"

"Tangu la kwanza. Baridi yake huisha ukikaa muda."

"Bibi, hii ni hatari! Hii ni hatari kubwa!" Akachomoa karatasi yenye nembo, akaanza kuandika huku anasema kwa sauti. "Naamuru! Mawe yote ya msingi yaondolewe mara moja chini ya makalio ya wananchi, yainuliwe mpaka juu ya kichwa cha mwanafunzi!"

Bi Somoe akammiminia chai. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini vitendawili hakuna aliyemshinda, na hapo alihisi mtu anamtegea bila kujijua.

"Juu hewani, mwanangu?"

"Yapangwe! Moja juu ya jingine!"

"Mnara mmoja? Si upepo ukija jina la Mheshimiwa litaanguka?"

"Lisianguke! Yapangwe yashikane."

"Na yatazame wapi? Yakitazama mashariki, watu wa magharibi watasema wamebaguliwa."

"Yatazame pande zote nne za nchi!"

"Andika na hilo, mwanangu. Mimi kichwa changu kinavuja. Na katikati pawe na nini?"

"Pasiwe na kitu! Jina la Mheshimiwa lisisongwe."

"Na watu watapita wapi kwenda kufagia hapo katikati?"

"Muache upenyo." Akagonga muhuri, akamwachia karatasi, akafuta jasho, akaondoka na kitabu chake bila hata kumaliza chai.

Siwema alipotoka shuleni akaisoma amri mara mbili. Akamtazama bibi yake.

"Bibi. Pande nne?"

"Mimi sijui kusoma vizuri," Bi Somoe akasema. "Nenda kamwite mwashi."

Mwashi alikuwa amebaki mmoja kati ya wale wawili, mzee sasa. Aliishika karatasi juu chini, akaelezwa, akaenda kuchimbua kifaa chake cha kazi kilichokuwa kimelala chini ya kitanda miaka thelathini. Kuchele nzima ikabeba mawe. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyecheka, walibeba tu, kama walivyozoea kufanya kila wanachoambiwa. Mawe marefu chini, mafupi juu, maandishi yote nje. Ilipofika Jumatatu kilikuwa kimesimama kitu cha kumzidi mtoto kimo, kina pembe nne na upenyo mmoja, na ukikizunguka unasoma Fumbwe, Fumbwe, Fumbwe.

*

Jumatano Mheshimiwa akaja. Alikuwa amezeeka, anashikwa huku na huku na wasaidizi. Gari la Mwiko lilikuwa mbele. Bendi ikapiga, makofi yakapigwa, na Mheshimiwa akasimama ghafla.

"Nini hiki?"

Bendi ikanyamaza kifaa kimoja kimoja, ngoma mwisho.

"Mbona kinafanana na ukuta? Nani amejenga ukuta bila mwiko?"

Katibu Zaharani akatafuta kitu mifukoni mwake ambacho hakikuwemo. Bwana Chumu, naye mzee wa mkongojo sasa, akaangalia viatu vya watu. Askari wawili wakasogea, na gari la Semina ya Shukrani likawashwa. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Mnufaika Mkuu, kwa ajili ya kipengele cha nne, kutoa shukrani. Bi Somoe alijua kwamba anapaswa kuogopa. Akaitafuta hofu yake, hakuiona ilipokuwa.

"Mheshimiwa," akasema, "macho yangu yamechoka. Nisomee hapo palipoandikwa."

Kama kuna kitu Mheshimiwa hakuweza kukataa ni kusoma jina lake. Akasogea, akavaa miwani. "Jiwe la Msingi... limewekwa na Mheshimiwa Daktari Fumbwe."

"Na hilo la chini yake?"

"Jiwe la Msingi... Mheshimiwa Daktari Mhandisi Fumbwe."

"Na lile kule?"

Akazunguka. Alisoma mawe yote ishirini na tisa, pande zote nne, kwa sauti, na aliporudi alipoanzia alikuwa anatembea bila kushikwa.

"Huu ni msingi," akatoa hukumu.

"Msingi mtupu, Mheshimiwa."

"Lakini umesimama. Kwa nini umesimama?"

"Umekuona unakuja."

Makofi yakalipuka, kuku wakahama. Askari wakarudi nyuma. Mheshimiwa akafuta jicho, na mtu wa makumbusho akakimbia na kichupa. "Na la thelathini?" Mheshimiwa akauliza. "Hili lisimame wapi?"

Jiwe la thelathini lilikuwa refu kuliko yote, vyeo vilikuwa vimeongezeka vitatu. Bi Somoe akaonyesha juu ya upenyo. "Pale, Mheshimiwa. Kila anayeingia apite chini yako."

Likapandishwa pale, Mheshimiwa akanyooshewa mkono akapaka saruji kwa Mwiko, na kikawa kizingiti cha juu cha mlango.

Kipengele cha kumi na moja kikasomwa. Bi Somoe akaubeba Mwiko mpaka jikoni kwake, peke yake kama kila mwaka. Akausugua. Akaufuta kwa kanga. Halafu akautundika ukutani, penye msumari ambao ulikuwa wazi miaka thelathini, akachukua mwingine aliokorogea uji asubuhi, bado una unyevunyevu, akatoka nao. Askari aliupokea kwa mikono miwili, akaupigia saluti, akaulaza juu ya mto. Hakuna hata mmoja katika msafara ule aliyewahi kuutazama Mwiko wenyewe. Walikuwa wanautazama mkono ulioushika.

Bi Somoe akarudi mstari wa mbele, akaendelea kupiga makofi.

*

Alhamisi akaja mkaguzi wa mitihani, mwanamke mrefu mwenye fomu.

"Chumba kiko wapi?"

"Ndicho hicho," akasema Mwalimu Ngwali.

Akagonga kwa kifundo cha kidole. Akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Akatia vema. Akainua uso, akaona mawingu. "Na paa je?"

"Imeandikwa kuta nne, mama."

Mkaguzi akaigeuza barua kuona kama paa liko nyuma. Halikuwepo. Watahiniwa saba wakapita chini ya jiwe la thelathini, wakakaa chini, kwa kuwa mawe yote yalikuwa kazini. Saa nne mvua ikanyesha kidogo. Walilala juu ya karatasi zao kuzikinga mpaka ikakata, wakaendelea. Hakuna jibu lililotoka nje.

Matokeo yalipotoka, Siwema alikuwa amefaulu. Barua ikaja na nembo ya Mfuko. Akaisoma mlangoni, Bi Somoe akiwa ndani anachambua mchele.

"Nimechaguliwa Sekondari ya Fumbwe, Bibi."

"Hongera, mke mwenzangu."

"Wanasema niende na ndoo, blanketi, jembe lenye mpini..." Akasita. "Na jiwe moja la kukalia."

Ungo ukatulia mkononi mwa Bi Somoe.

"Shule yenyewe haipo," Siwema akasema.

"Jina lipo."

"Nitakwenda kukaa juu ya jiwe tena. Miaka minne."

Bi Somoe akainuka. Akaenda kwenye msumari, akautungua Mwiko, akamletea. "Beba na huu."

"Nikasonge ugali?"

"Ukipenda. Ila nisomee kwanza ile sheria yao. Ya kwenye Gazeti. Wewe si umeikariri?"

Siwema akaisema kama wimbo wa darasani, haraka haraka: "Kuendeleza shule yoyote ya Mfuko bila mwiko huu ni mwiko." Kisha akaisema tena, polepole. Akautazama Mwiko, mninga wake, alama yake nyeusi mpinini.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Na mtu akiwa nao?"

"Mimi nimeishia darasa la nne. Wewe ndiye umefaulu."

Siwema akaupokea. Bi Somoe hakuuachia mara moja. Aliushika upande wake, na vidole vikaanza kumchoma, kimoja baada ya kingine, kama siafu wanapanda.

"Bibi, unaumia?"

"Naumia," Bi Somoe akasema, kwa mshangao. "Ganzi inaachia."

Na ule mji ulionipa, chukua mwenyewe, nimemaliza kuutumia. Ila upite uutazame vizuri, kama shule yake ina kuta.